Bi Mwatumu na Wagombea wa Mto Mngurumo

Paukwa, enyi mlioketi.
— Pakawa, na masikio tumekuja nayo.
Pakawa nini?
— Pakawa mto, watu huku na watu kule.
Nisogeleeni basi.

Hapo kale, nchi ya Ukemi ilipokuwa bado changa, watu wake hawakuwa na mfalme. Walikuwa na rais, na rais walimchagua wenyewe. Kila mtu mzima aliokota kokoto lake, akalitumbukiza katika mtungi wa mgombea amtakaye. Mwenye mtungi mzito ndiye aliyekalia kiti. Utaratibu mzuri, au sivyo? Ngojeni.

Pembezoni mwa nchi hiyo palikuwa na kijiji kikiitwa Kisangama, na mbele ya kijiji ulipita mto Mngurumo. Kiangazi ulikuwa mpole, unauvuka kwa kupandisha nguo magotini. Masika ulikuwa mnyama. Zamani palikuwa na daraja, mafuriko yakalibeba, zikabaki nguzo za mawe zimesimama majini.

Humo kijijini aliishi Bi Mwatumu, mjane, mfinyanzi wa vyungu, pamoja na binti yake Siwema na mkwewe. Masika ya mwaka uliotangulia, Siwema alishikwa na uchungu. Mkunga, Bi Nyamizi, aliishi ng'ambo. Alikuja mbio na mkoba wake, akafika ukingoni, akasimama. Mto umejaa. Bi Mwatumu alimwona kwa macho yake mawili, mkunga yule, anapunga mikono kule na hana la kufanya. Mtoto alizaliwa bila pumzi. Tangu siku hiyo Bi Mwatumu alikuwa na swali moja tu duniani: daraja lini?

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Wagombea walikuwa wawili, Bwana Shekue na Bwana Mbwego.

Kiangazi akaja Shekue, na ngoma. Akajisifu tangu umande haujakauka hadi jua la utosi. Bi Mwatumu akanyoosha mkono.

"Bwana Shekue, daraja lini?"

Shekue akatabasamu, akawageukia wapiga ngoma. Ngoma zikalia, watu wakacheza, msafara ukaondoka.

Akaja Mbwego, na chumvi. Huyu hakujisifu. Alimsema Shekue: mwizi, mwongo, akilala anakoroma. Bi Mwatumu akanyoosha mkono.

"Bwana Mbwego, daraja lini?"

"Mama, muulize Shekue. Yeye ndiye aliyelila." Watu wakacheka, chumvi ikagawanywa, msafara ukaondoka.

Akarudi Shekue, safari hii na khanga zenye sura yake. Bi Mwatumu akanyoosha mkono.

"Bwana Shekue, daraja..."

Hakumaliza. Khanga ilimfika usoni. "Chukua mama, upendeze." Na msafara, jamani?

— Ukaondoka.

Ukaondoka. Bi Mwatumu akarudi nyumbani, akaitandaza khanga ile kitandani. Mgombea anamkenulia meno. Chakula hakukigusa. Siwema, naye alikuwa mjamzito tena, tumbo limekwisha kuwa kubwa, akaja kuketi karibu yake.

"Mama, achana nao. Hawasikii."

Bi Mwatumu akaikunja khanga ile, sura ya Shekue ikabaki ndani. Halafu akasema, "Kweli, hawasikii. Basi na sisi tusisikie."

Mwaka huo masika yalikuja mapema. Mngurumo ukajaa ukingo hadi ukingo, na siku ya kura ikawa inabisha hodi. Mitungi ingewekwa sokoni, ng'ambo. Na nchi nzima ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu, hivyo ikajulikana wazi kwamba makokoto ya Kisangama ndiyo yatakayoamua.

Bi Mwatumu akapita nyumba kwa nyumba. Katika kila mlango alisema yale yale: "Wakija kutuita, twendeni mtoni sote. Lakini asiyekuja huku kwetu, hatumsikii." Wengi waliitikia. Jumbe Kiduko, mkuu wa kijiji na ndugu wa marehemu mumewe, hakupenda.

"Shemeji, unatuharibia," alimwambia. "Wakikasirika hatutapata hata chumvi."

"Ile waliyoleta bado unayo, Jumbe?"

Jumbe akaangalia pembeni. "Ilikwisha."

"Mto je, umekwisha?"

Kesho yake Jumbe alikuwa mtoni pamoja na wenzake.

Shekue akafika upande wa pili, amevaa kanzu nyeupe. Pale penye nguzo mto ni mwembamba, mtu akipaza sauti anasikika. Akapaza. Watu wa Kisangama wakaweka viganja masikioni, wakatikisa vichwa.

"Hatusikii," Bi Mwatumu akaita. "Sogea."

Shekue akasogea, akasema tena.

"Hatusikii. Sogea."

Akasogea. Akasema kwa nguvu hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hatusikii, Bwana Shekue. Sogea."

Maji yalikuwa yanamlamba vidole. "Nisogee niende wapi, mama? Huoni kuna mto?"

"Ahaa," akasema Bi Mwatumu. "Kumbe na wewe unauona."

Kijiji kizima kilicheka. Kicheko kile kikavuka maji vizuri kabisa, Shekue akakisikia chote. Akaondoka amenuna. Lakini hakufika mbali kabla ya kuwaza habari za makokoto, akawaagiza watu wake wakate magogo ya daraja, na mashoka yakasikika hadi Kisangama.

Mchana wake akaja Mbwego. Naye akaambiwa asogee, akasogea, viatu vikaloa. Akataka kugeuza.

"Nenda salama," Bi Mwatumu akamwitia. "Mwenzako yuko msituni anakata magogo. Sisi tutavuka kwa lolote litakaloletwa, na tutamkumbuka aliyeleta."

Hapo Mbwego alisikia bila kuombwa asogee. Jioni ile ile alileta mbao, misumari na mafundi. Shekue akaongeza mafundi. Mbwego akaongeza wapishi, mafundi wasipoteze muda kwenda kula. Hawa wanalaza gogo juu ya nguzo za zamani, wale wanapigilia ubao. Wakizomeana, daraja linakwenda. Wakitukanana, daraja linakwenda. Wanaume wa Kisangama walianza kwa kutazama, wakaona aibu, wakaingia na kamba na mashoka kutokea upande wao. Jumbe Kiduko mwenyewe alibeba mbao begani.

Asubuhi ya kura, daraja lilikuwa tayari. Wagombea wote wawili walisimama kwenye ubao wa kwanza, upande wa sokoni.

"Nitatangulia mimi, magogo ni yangu."

"Magogo bila mbao utapita juu yake kama ngedere? Natangulia mimi."

Na asubuhi hiyo hiyo, mnajua kilichotokea? Siwema alishikwa na uchungu. Mumewe akavuka mbio, akawapita wagombea hata bila kuwaamkia, akaenda kumwita Bi Nyamizi. Mkunga akaja na mkoba wake. Akawakuta wamezuia njia, bado wanashindana.

"Nipisheni, wanangu," akasema. "Kuna kazi ng'ambo."

Wakapisha, mmoja kulia, mmoja kushoto. Bi Nyamizi akapita katikati yao, akalivuka daraja.

Bi Mwatumu alikuwa mlangoni. Alipomwona mkunga anakuja kwa miguu yake juu ya maji yale, akaufungua mlango wote. Jua lilipopanda kidogo, ndani kikasikika kilio. Kikali, cha mtoto mwenye hasira na mapafu mazima. Mtoto wa kike. Vigelegele vilipasuka Kisangama nzima, na wagombea kule wakaacha kugombana, kila mmoja akidhani anashangiliwa yeye.

Bi Mwatumu alimbeba mjukuu, akamnusa, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akaivaa khanga yake ya zamani, ile nzuri, akaokota kokoto. Kijiji chote kikatoka nyuma yake, wazee kwa vijana, ngoma mbele. Walilivuka daraja huku wanaimba, na wagombea wakalazimika kurudi kinyumenyume hadi sokoni.

Bi Mwatumu alitumbukiza kokoto lake. Lilianguka mtungi upi? Hakuniambia, nami sikuuliza.

Jumbe Kiduko aliuliza. Wakati wa kurudi alimsimamisha katikati ya daraja, akamwinamia sikioni.

"Shemeji, niambie mimi tu. Umempa nani?"

Bi Mwatumu alitazama nyuma. Watu walikuwa wamejipanga hadi sokoni, na vikapu, na watoto mgongoni, wote wanangoja kupita.

"Tembea, Jumbe," akasema. "Unazuia watu."

Nami nimepita, ubao wangu wa mwisho ndio huu.
— Umevuka salama, mtambaji.
Aliyesikia na avuke naye.