Shokapu ya Mwenyekiti

Mwenyekiti Mfinanga alikuwa na baiskeli ya chuma aliyorithi kwa baba yake, na kila shimo la barabarani lilimwishia kiunoni. Asubuhi moja alifika kwa Nakunda, fundi baiskeli wa pale chini ya mlima, akamtupia miguuni foko kuukuu ya kushikia gurudumu la mbele, yenye shokapu ya kumeza mitikisiko.

"Nifungie hii. Na bei usiitaje, maana hicho kibanda chako kipo hapa kwa hisani yangu."

"Bei ya nini tena, Mwenyekiti wangu?" Nakunda alijibu, akashika spana.

Alipomaliza, Mwenyekiti aliegemea usukani kwa tumbo zima. Foko ilikuwa ngumu kama gogo. "Mbona haibonyei?"

"Shokapu ikikaa miaka bila kazi, inalala. Huamshwa kwa mzigo na kwa mlima. Lakini hiyo ni kazi ya vijana, Mwenyekiti. Wewe utaumia bure."

"Niumie mimi? Lete huo mzigo!"

Nakunda aliangaza huku na huku, akaliona gunia la mahindi mlangoni, akalifunga kwenye keria. Mwenyekiti akaupanda mlima akiisukuma baiskeli, shati limemganda mgongoni. Nakunda alimfuata mikono mitupu, akimsifu kila kona.

Juu kabisa, mbele ya mashine ya kusaga, Nakunda alilishusha gunia lake, akapanga foleni. Mwenyekiti akaegemea tena usukani, akihema.

"Mbona bado ngumu?"

"Italainika vipi, Mwenyekiti? Shokapu iko mbele, mahindi yangu umeyabeba nyuma."