Pikipiki Ndefu ya Nasipwondi

Gatina nzima, kule Kawangware, hapakuwa na pikipiki kama ya fundi Nasipwondi. Uma wake wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulinyooshwa ukatangulia mbali, kiti kikashushwa karibu na lami, na ekzosi zake mbili zilinguruma taratibu kama mzee aliyeshiba. Aliiunda mwenyewe kutokana na boda boda kuukuu, kwa miezi saba. Watu walibisha kuhusu hiyo miezi saba, na watu nao kwa ubishi hawajambo.

Austine, mwendeshaji boda boda wa Kibera, alimjia na shida. Dadake, Eddah, alikuwa aolewe baada ya wiki mbili, na Austine alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kumfikisha kanisani kwa pikipiki ya namna hiyo.

"Nitengenezee yangu ikae hivi, fundi. Wiki mbili si zinatosha?"

"Miezi mitatu," Nasipwondi alijibu.

Austine alikaa akimtazama akifanya kazi. Nasipwondi alichomelea vidoa vinne tu kwenye fremu, akaketi kunywa chai chuma kipoe. Akavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akapima, akaketi tena.

"Kumbe kazi yenyewe ni chai," Austine alijisemea, akaondoka.

Alimwendea fundi wa mageti karibu na Nyayo Highrise. Huyo alikata fremu ya boda boda ya Austine, akaichomelea upande wa kushoto mwanzo hadi mwisho bila kupumua, ndipo akahamia wa kulia. Kufikia jioni kazi ilikuwa imekwisha. Lakini chuma kikipoa huvuta, na upande uliotangulia uliivuta fremu ikapinda. Geti likipinda kidogo bado litafunga. Pikipiki haina msamaha huo.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Austine aliipanda kwenda Kawangware kumringia Nasipwondi. Ilimvuta kushoto, kushoto, mpaka ikamtia mtaroni. Aliisukuma hadi Gatina akiwa na tope mwili mzima, goti limechubuka, machozi yakimlengalenga. Angemwambia nini Eddah?

Nasipwondi aliipima, akatikisa kichwa.

"Hii si ya kunyooka leo wala kesho. Yako utaichukua baada ya miezi mitatu. Lakini dadako hana kosa. Kesho nitambeba mwenyewe kwa yangu."

Austine alimshika mkono kwa mikono yake miwili yenye tope.

Jumamosi Eddah aliketi nyuma ya Nasipwondi, shela imekunjwa isinaswe na mnyororo, vigelegele vikawasindikiza Kibera yote. Austine alifuata amebebwa na mwenzake kwa boda boda, amepakata keki, anacheka peke yake.

Nje ya kanisa, binamu yao Billy aliizunguka ile pikipiki, mikono mfukoni.

"Hii ni mabomba tu," alisema. "Nipeni wikendi moja, natoa kama hii."

Austine alipandisha mguu wa suruali, akamwonyesha goti lake.

"Kaa hapa nikwambie, Billy," alisema. "Ukiona vyaelea, vimeundwa."