Mzunguko wa Mwisho wa Spana

Wenye pikipiki, nyoosheni mikono. Msiogope, siombi mchango. Naam, mko wengi. Basi mfano wa leo ni wenu, na ninyi wengine mtakaa hapo mkiwacheka, mpaka nitakapowageukia.

Palikuwa na baba mmoja katika milima hii yetu. Si wa ushirika huu, kwa hiyo acheni kutazamana. Tumwite Baba Sekela, kwa jina la binti yake wa pekee. Alikuwa mtu mwema: hanywi, hatukani mtu, sadaka anatoa. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Alikuwa anakaza. Kila kilichopita mikononi mwake kilikazwa. Mkewe alikuwa akienda kuomba chumvi kwa jirani, na si kwamba nyumbani chumvi haikuwepo. Ilikuwepo tele, ndani ya kopo lililofungwa na Baba Sekela. Bomba la uani alilikaza mpaka mpira wa ndani ukakatika, likaanza kuvuja. Naye alipoona linavuja, alifanya nini? Alilikaza tena. Mbuzi wake alifungwa kamba fupi hata majani akawa anayala kwa macho.

Kwa binti yake ilikuwa vivyo hivyo. Sekela alikua akiambiwa avae nini, aketi wapi, acheke kiasi gani. Alipoolewa huko bondeni Kyela, baba hakumwachia, alimfuata kwa simu. "Mtoto umemfunika?" "Ndiyo baba." "Mumeo amekula?" "Ndiyo baba." Akikata simu anajisifu kwa mkewe: "Unaona? Huyu ndiye mtoto aliyelelewa. Hana ubishi!" Lakini Sekela hakuwa amekanyaga nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mjukuu wake wa kwanza baba alikuwa amemwona kwenye picha tu, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Basi ubatizo wa mjukuu ukapangwa Jumapili. Baba Sekela akaamua kushuka Kyela Jumamosi kwa pikipiki yake. Mkewe alitaka wapande basi dogo la Kosta pamoja, akakataa, maana hakuna Kosta ambayo ingemruhusu kumfundisha dereva kazi. Alitaka mambo mawili tu: kumpakata mjukuu, na mtoto aitwe Atupakisye, jina la marehemu mama yake. Hilo la jina alikuwa amelisema kwenye simu kila siku ya wiki ile, asubuhi na jioni, kama dawa ya kikohozi.

Asubuhi ya safari akamwaga oili. Wasio na pikipiki niwaeleze. Chini ya injini kuna bolti moja. Unaifungua, oili chafu inatoka, unairudisha, unamimina oili mpya. Ndani ya tundu la bolti hiyo kuna nyuzi, vile vimifereji vinavyozunguka, na ndivyo vinavyoishika. Sasa, bolti ni chuma kigumu, lakini injini ni alminiamu, madini laini. Hapo shikeni.

Baba Sekela akarudisha bolti, akaikaza, ikakamata. Akamimina oili mpya. Hata tone halikudondoka. Kazi imekwisha, sivyo? Akainama tena na spana. Mkewe alikuwa amesimama na mzigo wake, tayari kwenda stendi.

"Baba Sekela, si imeshakaza hiyo?"

"Mteremko wa Kyela unaujua wewe? Ikitoka njiani?"

"Haiendi popote. Hebu iache."

Jamani, si angeiacha! Akatafuta kipande cha bomba la maji, akakichomeka kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akaegemeza mguu ukutani, akavuta. Bolti ikalia: kwiii! Akavuta tena. Ikalia tena. Mara spana ikawa nyepesi, naye akaanguka chali katikati ya kuku.

"Umeona?" akasema akiwa bado chini. "Imeingia yote!"

Mama Sekela akatazama oili mpya ikitiririka kuelekea kwa kuku mweupe. Akajitwika mzigo wake. "Mimi nawahi gari," akasema, akaenda zake.

Baba Sekela akaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi. Fundi huyo alikuwa na tumbo kubwa na maneno mengi, na kazi alikuwa anaifanya katikati ya maneno. Akalala chini ya injini, akaichomoa bolti kwa vidole viwili.

"Nani kaifanya hivi?"

"Imelegea yenyewe."

"Mzee wangu, bolti iliyolegea hudondoka. Hii imenyongwa." Akamwonyesha: nyuzi za tundu zilikuwa zimeng'oka zote, zimejisokota kwenye bolti. Akairudisha, akaizungusha kwa kidole. "Hebu ona. Kulia inakwenda, kushoto inakwenda. Bolti nzuri sana hii. Haina ubishi."

"Basi ikaze zaidi."

"Nikaze nini, mzee? Hakuna kinachoshika."

Fundi akaingia ndani kutafuta vifaa. Baba Sekela akachuchumaa pale, akampigia binti yake, na huku mkono wake mwingine unachezea ile bolti.

"Sekela, jina umempelekea mchungaji?"

"Ndiyo baba."

"Ni Atupakisye. Usije ukasahau."

"Ndiyo baba."

"Na huo ubwabwa wa wageni msiujaze nazi."

"Ndiyo baba."

Akakata simu, akataka kujisifu, akakuta hakuna wa kumwambia. Akaitazama bolti. Akaizungusha. Ndiyo baba. Akaizungusha tena. Ndiyo baba. Inakwenda popote unapoipeleka, na haishiki kitu. Baba wa watu akaogopa. Mtu mzima mwenye ndevu, akaiogopa bolti.

Fundi akarudi. Akalitoboa lile tundu kwa drili, akalipanua, kisha akachukua chuma cha kuchongea nyuzi, akaanza kukiingiza. Anakizungusha mbele kidogo, anakirudisha nyuma kidogo. Mbele kidogo, nyuma kidogo.

"Sasa mbona unarudi nyuma?" Baba Sekela akakaa roho juu. "Utanichelewesha!"

"Mzee, ukikata, unga wa madini unajaa. Ukizidi kwenda mbele tu, kifaa kinakwama, kinakatikia humo humo, na injini ndiyo umeizika. Ukirudi nyuma kidogo, uchafu unaanguka, unaendelea. Asiyejua kurudi nyuma hachongi nyuzi."

Alipomaliza akaingiza bushi, kijipete kidogo chenye nyuzi zake ndani, kisha bolti ileile ya zamani. Ikaanza kumbishia mkono. Akaigusa kidogo kwa spana, akasimama. Baba Sekela akanyoosha mkono kuichukua ile spana aongeze. Fundi akampiga kofi la kiganjani.

"Imekamata! Ikishakamata, mkono unatoka. Hata ile ya asubuhi ilikuwa imeshakamata. Ule mzunguko wako wa mwisho ndio ulioiua."

Baba Sekela akaurudisha mkono wake, akautia mfukoni kutafuta simu. Kisha akapiga simu tena, na safari hii hakujua aanzie wapi.

"Sekela, mwanangu. Nilikuwa nauliza tu. Hilo jina la mtoto... wewe na mwenzio mlikuwa mnapenda lipi?"

Akadhani mtandao umekatika.

"Haloo? Hilo la Atupakisye umeshalipeleka kweli?"

"Hapana, baba."

Hapana! Ilikuwa miaka hajaisikia hapana kutoka kwa mtoto huyu. Na ajabu ni kwamba hakukasirika. Alihisi kitu kimeshika.

"Baba," Sekela akasema, "tulimwita Atupakisye tangu siku aliyozaliwa. Bibi ndiye aliyenilea na mimi nilimwahidi. Nilitaka uje ulisikie kanisani, ufurahi. Halafu ukaanza kuamrisha. Asubuhi unaamrisha, jioni unaamrisha. Jana nikamwambia mume wangu, basi, tumwite jina la mama yako. Na ndilo tulilompelekea mchungaji."

Jina la mama mkwe! Ndugu zangu, Baba Sekela alivuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalia. Mdomo ukafunguka: sasa hivi uende kwa mchungaji, sasa hivi umwambie... Hapo akamwona fundi, amesimama mbele yake, ameinua spana juu.

"Nyuma kidogo, mzee," fundi akanong'ona. "Nyuma kidogo."

Baba Sekela akaimeza pumzi ile yote.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Hata hilo ni jina zuri."

Sekela akalia, na akiwa analia akasema, "Baba, njoo mapema. Mtoto anakaa macho mpaka jioni. Nitakungoja barabarani." Na maneno hayo hakuna aliyemwamrisha kuyasema.

Najua mnachotaka kuniuliza. Kesho yake mtoto alibatizwa jina gani? Siwaambii. Wanaowashwa sana kujua ndio hao wenye kipande cha bomba la maji nyumbani.

Sasa nawageukia, kama nilivyoahidi. Ninyi msio na pikipiki, mmecheka vya kutosha? Sisi sote tuna spana. Mwingine anamkaza mume, mwingine anamkaza mkwe, wazee wa kanisa tunawakaza vijana wa kwaya mpaka wanalia kwiii, na sisi tunasema, sikilizeni, wanaimba! Tunakaza kwa sababu tunapenda, tunaogopa wasije wakadondoka njiani. Hilo Mungu analijua. Lakini mtu naye ni madini laini.

Na tusidanganyike na utulivu. Anayekubishia kidogo bado ana nyuzi, bado anakushika. Mwogope yule ambaye kila neno lako analiitikia upesi. Je, nyumbani kwako yupo? Ni nani siku hizi anayekwambia "ndiyo" kabla hujamaliza kusema? Huyo usimwongezee nguvu. Rudi nyuma kidogo, useme nisamehe, uchafu uanguke.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujaketi mezani, chukua kopo la chumvi ujaribu kulifungua. Likikataa, usilaumu kopo. Mwite mkeo, mwite na mwanao, muulize kila mmoja anataka nini. Akikujibu hapana, mshukuru Mungu. Amina.