Ufunguo wa Nyumba ya Bwana Pelamu

Sogeeni karibu. Leo mimi nitasimulia, lakini hukumu ni yenu, kwa hiyo atakayesinzia atahukumu asichokijua.

Katika mji wa Matrah, huko Omani, palikuwa na watu watatu waliojaliwa kila mmoja lake. Thani, mchukuzi, alijaliwa nguvu. Alibeba magunia mawili ya tende kutoka gatini hadi sokoni bila kupumzika, na neno "subiri" hakulijua. Shinuna, mjalidi wa misahafu, alijaliwa vidole. Kitabu kilicholiwa na mchwa, wewe ukaona takataka, yeye alikirudisha kikasomeka. Na Idarusi, aliyewahi kuwa karani kule Bombay, alijaliwa kusoma. Umpe mwandiko wa Kiarabu, wa Kigujarati au wa Kizungu, hata uwe umeparuzwa kama kuku kapita na matope miguuni, atakwambia umesema nini.

Kulikuwa pia na Bi Zuwena, mpika halua. Yeye sifa yake ilikuwa kukata shauri. Watu wa mtaa wake wa Jabalini, wajukuu wa mabaharia wa Unguja na Lamu, waligombana, wakaenda kwake, na kabla halua haijashika sufuriani walikwishapatana. Hakuwahi kusema, "Ngoja nifikiri."

Bi Zuwena ndiye aliyeshika ufunguo wa nyumba ya mawe iliyokuwa katikati ya mtaa. Nyumba hiyo ilikuwa ya Mmarekani, Josia Pelham, waliyemwita Bwana Pelamu. Alikuwa mmoja wa wajumbe wa mwanzo wa nchi yake katika pande zile, na tena tajiri wa mitaji, wafanyabiashara wakimtegemea hadi Bombay na Kantoni huko Uchina. Siku alipopatwa na ndui, watumishi wake walimkimbia. Aliyemuuguza ni nyanya yake Zuwena, na waliomchotea maji ni watu wa Jabalini. Akapona. Alipoondoka kurudi kwao alimwachia yule bibi ufunguo na sanduku.

"Humu mna karatasi zangu," alisema. "Atakuja ndugu yangu kuzichukua. Nanyi kaeni kwa amani, hapa ni penu."

Bibi akadhani ni maneno ya mtu mwenye shukrani tu. Ndugu hakuja. Miaka hamsini na tano ikapita, bibi akafa, mama akafa, ufunguo ukafika kwa Zuwena, na sanduku halikufunguliwa hata siku moja. Amana ni amana.

Basi akatokea tajiri mmoja, Saif bin Hamdun, akaenda kwa kadhi akadai kuwa kiwanja chote cha Jabalini alikirithi kwa babu yake. Kadhi akawauliza watu wa mtaa, "Nanyi mna hati?" Hawakuwa nayo. Akawapa siku sitini: walete ushahidi, au wavunje nyumba zao arobaini wahame.

"Tutaleta," alijibu Bi Zuwena, na sauti yake haikutetereka, ingawa hakujua wataleta nini.

Siku ya kumi mvua ikapiga milimani. Nyinyi mnajua mabonde ya kule: mwaka mzima makavu, mbuzi wanalala ndani, kisha ghafla maji yanashuka yakikokota mawe. Maji yakaingia Jabalini, yakabomoa ukuta wa nyuma wa nyumba ya mawe, na sanduku likatoka likielea.

Thani alikuwa amesimama juu ya paa pamoja na wenzake. Aliliona, akaruka.

"Thani! Wewe! Acha, utakufa!" Zuwena alipiga kelele.

Hakusikia, au hakutaka kusikia. Alilikamata sanduku kwa mkono mmoja, akashika mtende kwa mwingine. Jiwe likaja na maji likamvunja mguu chini ya goti. Hakuachia. Walipomvuta kwa kamba alikuwa bado kalikumbatia, na mguu ule haukunyooka tena. Mchukuzi akawa mtu wa kuegemea fimbo. Zuwena alimuuliza, "Ulijua ndani mna nini?" Thani akacheka huku machozi yanamtoka kwa maumivu. "Sikujua, Bi Zuwena. Niliona kitu chetu kinakwenda."

Kifuniko kilikuwa kimepasuka. Ndani mlikuwa na bonge moja la karatasi, limelowa, limeshikana kama mkate. Wazee wakasema, "Hii ni ya kutupa." Saif mwenyewe alipita akatazama, akasema kwa upole, "Poleni, majirani. Zikeni."

Zuwena akampelekea Shinuna. Shinuna hakuwa mtu wa Jabalini. Kwao kulikuwa upande wa pili wa mji, na kuvunjwa kwa mtaa ule kusingempunguzia kitu. Alilinusa lile bonge, akaligusa pembeni kwa ukucha.

"Niachie," alisema.

"Linawezekana?"

"Nimesema niachie."

Alifunga duka lake. Alikata jora zima la merikani, ile nguo nyeupe aliyojiwekea kwa ajili ya arusi yake, akaipasua vipande, akalaza kipande baina ya kila karatasi na mwenzake ili kivute maji. Asubuhi anafungua, anaanua, anageuza, anafunga. Kuna jani moja lililomchukua siku tatu peke yake. Watu waliomletea misahafu yao aliwarudisha, na wengine hawakurudi kwake tena. Siku ya thelathini na nne ya kazi hiyo alimwita Zuwena, akamwonyesha karatasi mia mbili na kumi na tatu zimetandikwa sakafuni, kavu. Barua, kumbukumbu za kila siku, nakala za mikataba. Zuwena, ambaye hakuwa mwepesi wa kulia, alilia.

Lakini nani atazisoma? Bwana Pelamu alikuwa na desturi ya watu wa zama zake ya kubana karatasi: akijaza ukurasa, aliugeuza upande akaandika tena juu ya maandishi yale yale, mistari ikapishana kama nyuzi za wavu. Na wino ulikuwa umefifia. Wakamwendea Idarusi. Alikuwa mzee, na tabibu alikwishamwonya kuhusu jicho lake la kulia, jicho pekee lililobaki likiona: aache kusoma, au litazimika.

"Siku zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Kumi na tatu."

"Basi jicho litatosha."

Alisoma kwa lenzi, jua likimpiga ukurasani. Siku ya kumi na moja ya kusoma aliinua karatasi moja yenye mihuri miwili chini, wa muuzaji na wa kadhi wa zamani. Bwana Pelamu alikuwa amekinunua kiwanja chote cha Jabalini kwa babu yake Saif, akakiweka wakfu kwa wale waliomuuguza na vizazi vyao. Siku iliyofuata Idarusi hakuweza kumtambua mkewe mlangoni.

Kadhi alilinganisha mihuri, akamwita karani wa forodhani kuhakikisha maneno aliyoyasoma Idarusi. Ikathibiti. Saif akainamisha kichwa, na Jabalini ikabaki. Vigelegele vilifika gatini.

"Bado," kadhi akasema. "Kuna mstari wa mwisho. Anasema: 'Nyumba yangu ya mawe na kisima chake iwe ya mtu mmoja, yule atakayewaokoa watu hawa wasifukuzwe. Isigawanywe wala isiuzwe.' Sharti la mweka wakfu hufuatwa. Ni nani huyo? Mchagueni nyinyi."

Watu wote wakamgeukia Bi Zuwena.

Ijumaa, baada ya sala, akasimama mbele ya ile nyumba, ufunguo mkononi. Akawauliza wote watatu waseme.

Thani alisema, "Bila mimi karatasi zingekuwa baharini. Wangefanya kazi juu ya nini?"

Shinuna alisema, "Ulileta bonge la matope, kaka yangu. Na mimi si wa huku. Nililolifanya sikulifanya kwa kujiokoa."

Idarusi aligeuzia uso wake penye sauti zao. "Ule mstari wa nyumba niliuona mimi peke yangu kabla ya mtu yeyote," alisema. "Niliusoma kama ulivyo. Na bila kusomwa, karatasi kavu ni za kufungia karanga."

Bi Zuwena akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamtazama wa tatu. Hakuwa na shaka kuwa shauri lipo. Alikuwa na shaka ni lipi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema, "Ngojeni nifikiri."

Watu wanangoja, na jua linawaka. Aliyeruka majini bila kujua anaokoa nini, mgeni aliyefanya subira, au mzee aliyelitoa jicho lake akasema kweli? Ufunguo ni mmoja. Haya, nyoosha mkono wako, wewe uliyeketi hapo: ungempa nani, na ungewaambia nini wale wawili?