Mji Ulikuwa Mzuri

"Simu ya mama haipokelewi, kaka! Tangu ufike hapa napiga, inaita mpaka inakatika. Halafu wewe unaniuliza habari za meli?"

"Nimeshakwambia mama ni mzima. Umeme unasumbua kule, unajua mwenyewe. Labda simu haina chaji."

"Simu isiyo na chaji inaita?"

Kaka alichukua kofia yake mezani, akaivaa. "Wewe mtoto una maneno. Mimi sikupanda ndege nije kutazama jiko lako. Vaa viatu twende."

Wapendwa, hao ni kaka na dada, tumbo moja. Dada anaishi Marekani, katika mji ambao si miongoni mwa ile mikubwa tunayoisikia kila siku, wala si kijiji. Ni mji wa kadiri, una mto mpana, daraja la chuma, na mambo ya kale ambayo watu hutoka mbali kuja kuyaona. Kaka ametoka nyumbani. Lakini je, alikuja kutembea?

Hapana. Alitumwa.

Mama yao alikuwa amelala kitandani, hawezi hata kujigeuza. Alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, mdogo wako asiambiwe kwa simu akiwa peke yake. Nani atamshika kule? Wewe kaa naye, umwambie naumwa, nataka nimwone. Asipoweza kuja, basi anipigie, niisikie sauti yake. Lakini mpaka utujulishe kwamba umemwambia, simu yake hatutaipokea. Akinisikia nilivyo, ataanguka."

Ndivyo tulivyo. Habari nzito hatumtupii mtu. Tunamwendea, tunakaa karibu naye, ili akianguka awepo wa kumwinua. Na anayeileta haitoi mlangoni. Hula kwanza, hupumzika. Ni desturi nzuri, siisemi vibaya. Lakini yule kaka aliingia ndani ya desturi hiyo akajificha.

Siku aliyofika, dada alimwuliza hata kabla hajaweka begi chini, "Mama amekutuma nini?" Akajibu, "Ngoja kwanza nile." Akala. Kisha akasema apumzike kwanza, ana uchovu wa ndege. Kulipokucha aliuona mto dirishani, unang'aa, na moyo wake ukasema: nikimwambia sasa atalia, na nyumba hii itakuwa ya kilio. Acha nimwone akicheka kidogo. Acha na mimi nione kidogo. Kesho nitamwambia.

Mnaijua kesho hiyo? Mimi naijua.

Wakaenda kwenye stesheni kuukuu ya treni, kaka akapanda kwenye kichwa cha garimoshi, akataka apigwe picha akicheka. Kila walikotoka aliuliza, "Na kesho tunaona nini?" Kule nyumbani mama mdogo alikuwa akimpigia kaka kuuliza kama ameshasema. Naye alijibu kwa ujumbe: kesho.

Siku ile ya ugomvi wa simu, baada ya kuiona meli ya kizamani yenye gurudumu kubwa nyuma, waliingia kwenye jumba la makumbusho karibu na mto. Mwenyeji wa pale aliwaonyesha mahali ambapo zamani watu walinadiwa kama ng'ombe. Akawaeleza habari za mama mmoja ambaye mtoto wake aliuzwa pale, naye akakimbia kandokando ya maji akiliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Kaka alisimama pale machozi yakamtoka.

"Kaka, unalia?"

"Vumbi tu."

"Humu ndani hakuna vumbi, kaka." Dada akamshika mkono. "Niambie. Kuna nini?"

Wapendwa, mlango uliokuwa wazi kuliko huo ungetoka wapi? Mkono umeshikwa. Swali limeulizwa. Machozi tayari. Kaka akajipangusa uso kwa kofia, akasema, "Namhurumia yule mama."

Yule mama! Alikufa kabla babu wa kaka huyu hajazaliwa. Na mama yake mwenyewe, aliye hai, je?

Asubuhi iliyofuata simu ya dada iliita. Alikuwa mama mdogo. Dada aliposikia sauti ile alifurahi, akapaza sauti ya simu ili kaka naye asikie.

"Mwanangu, kaka yako yuko hapo?"

"Yupo, mama mdogo."

"Mwambie akushike. Mama yenu ametutoka. Kila simu yako ilipoita alifumbua macho akauliza, ameshaambiwa? Tunamwambia, bado. Jana iliita sana. Hakuuliza tena."

Dada alimtazama kaka yake. Kaka alinyoosha mikono kumshika, kama alivyoagizwa. Dada akarudi nyuma.

Sasa sisi, tunamsema yule kaka? Nani kati yetu hajatumwa? Kuna mtu umeambiwa moyoni umwendee umwombe msamaha. Kuna mgonjwa anayeulizia kama unakuja. Kuna mzazi anayetaka kusikia sauti yako tu, wala hataki zawadi. Na sisi tunasema, ngoja nimalize haya. Tukiwa humu kanisani tunawalilia watu wa Maandiko waliokufa zamani, tunatoka tumejipangusa, tunawapita wa kwetu walio hai. Si kwamba hatuna huruma. Tunayo. Tunaipeleka mahali ambapo haitatugharimu kitu.

Ndugu zangu, neno ulilopewa ulipeleke leo, likiwa bado lina wa kulisikia.

Dada alifunga begi lake mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Kaka alikuwa amekaa jikoni, kofia mapajani. Gari la kumpeleka dada uwanja wa ndege lilikuwa limefika. Alipofika mlangoni dada aligeuka, na hakupaza sauti. Alimwuliza tu:

"Kaka, umemaliza kuuona mji?"