Nguchiro Aliyeokota Mipira ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majumba na ugomvi kama sisi, Nyati alikikalia kisima cha pekee cha pwani. Kiangazi kilikuwa kikali. Watoto wa Nguchiro walishinda wakilia kiu.

"Anayetaka maji anishinde gofu!" Nyati akanguruma. "Kesho, uwanja wa ufukweni. Atakayetia mpira shimoni kwa mapigo machache zaidi, kisima chake!"

"Nitacheza mimi," akasema Nguchiro.

Mumewe akashika kichwa. "Mama Siwatu wee! Fimbo yenyewe imekuzidi urefu!"

"Tulia, Baba Siwatu."

Akamfuata Nyati uwanjani alikokuwa akijinoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kuziona nguvu zako. Wewe piga tu, mimi nitakuokotea mipira kule shimoni."

"Ama una adabu!" Nyati akavimba kichwa. Paaa! Mpira ukaruka kama kozi. Paaa! Mwingine.

Kule shimoni nyasi zilikuwa fupi, zinateleza kama sahani. Nguchiro akatazama kila mpira ulivyobingirika. Lo! Hata ulioelekea kilimani ulipinda ukafuata bahari. Basi kabla ya kuurudisha, aliugusa kwanza kwa fimbo yake kuelekea shimoni: tk. Wa kwanza ukaangukia mchangani. Tk. Wa pili ukapita pembeni. Mikono ikamuuma, hakuacha.

"Mbona unakawia?" Nyati akafoka.

"Naifuta mchanga, mzee! Na wewe hujaribu mapigo haya madogo ya karibu?"

"Hayo ya watoto!"

"Kweli kabisa, mzee. Hebu piga tena la mbali!"

Jua likazama Nyati akijisifu.

Kesho yake wanyama wote wakafika, Korongo akiwa mwamuzi. Paaa! Pigo moja tu, mpira wa Nyati ukatua karibu na shimo. Nguchiro akaja nyuma, kidogo kidogo, huku wanyama wakicheka.

Nyati akausukuma wake. Fyuu! Ukaserereka kuelekea bahari. Akaurudisha, ukapita shimo. Akausukuma tena, upepo ukauchukua. "Shetani gani huyu?" akapiga kelele, jasho likimtiririka.

"Nyati sasa amezidisha pigo moja," Korongo akatangaza. "Zamu ya Nguchiro. Akitia hili, kisima chake."

Nguchiro akashika fimbo. Akalenga kilimani, mbali kabisa na shimo.

"Amekosea!" mumewe akalia.

Tk. Mpira ukapanda polepole, ukasita, ukapinda, ukashuka bilibilibili... ko! Shimoni!

Vigelegele! Nyati akamsogelea. "Ulijifunzia wapi, mama?"

"Kwako, mzee. Kila mpira uliopiga ulinionyesha njia, nami kabla ya kukurudishia niliujaribu."

Nyati akatikisa pembe, akacheka asitake. "Umenifanya mwalimu wako bila ada! Haki yako." Akaondoka kisimani mwenyewe, na watoto wa Nguchiro wakanywa hadi matumbo yakawa kama ngoma.

Wanangu, nguvu hukufikisha mlangoni, lakini anayeingia ni aliyejiandaa.