Kiti cha Bi Shali

Mfalme mmoja aliwachoka majemadari wake, akamteua Bi Shali, mshona kanzu, awe mkuu wa jeshi. Asubuhi moja Jemadari Ngwali akamvamia ofisini na askari.

"Ondoka kitini, mama. Jeshi ni langu."

Bi Shali akainuka bila ubishi. "Karibu, mwanangu. Ila mila unaijua: hiki ni kiti cha raia. Hakikaliwi na sare wala upanga."

"Hilo tu?" Ngwali akavua vyote, akabaki na fulana na kaptura, akajitupa kitini. "Haya, mtoeni!"

Bi Shali akawageukia askari. "Wanangu, jemadari hayumo tena humu. Tumebaki raia wawili. Mfalme alimteua yupi?"

Askari wakatazamana, wakambeba Ngwali mzobemzobe.

"Sare iacheni," alisema Bi Shali, akitunga uzi sindanoni. "Jemadari mpya ni mwembamba."